Saini ya Mama Kibanio

Kila siku akitoka shule, msichana alivua sare, akabandika vibanio kumi vya nywele kwenye ukosi wa blauzi, akasimama nyuma ya mama yake saluni. Mama alinyoosha mkono bila kutazama, na kibanio kikatua kiganjani. Ndivyo alivyopata jina la Kibanio, na mama naye akawa Mama Kibanio.

Saluni ile ilikuwa na viti vitatu na benchi moja, lakini watu hawakupungua wanane. Waliokuja kusikia walikuwa wengi kuliko waliokuja kusukwa. Mama Kibanio aliijua kazi yake: kichwa cha mteja kikiwa mikononi mwake, habishani nacho. Mteja akisema mvua imezidi, alijibu, "Mafuriko kabisa, dada yangu." Akija mwingine akasema mvua haitoshi, alijibu, "Vumbi tupu, dada yangu."

Ijumaa moja gumzo lilikuwa la mgombea ubunge na somo la nesi. Kila Jumanne nesi wa zahanati alifika shuleni kuwafundisha wanafunzi wakubwa jinsi mwili unavyokua, mimba inavyopatikana na inavyozuiwa. Kuingia darasani kulihitaji barua ya ruhusa yenye saini ya mzazi.

"Jumatatu sokoni kasema atalifuta," alisema muuza vitambaa, kichwa nusu kimesukwa. "Jumatano hospitalini kasema ni somo zuri. Huyu mtu ana ndimi ngapi?"

"Hujasikia la leo," alidakia mke wa seremala kutoka kwenye benchi. "Eti bado anawasikiliza wananchi. Kesho anakuja uwanja wa shule. Kaomba zile barua. Atasoma jina mojamoja, mzazi asimame aseme kwa nini alitia saini. Ndipo aamue."

Mkono wa mama ulinyooka. Hakuna kilichotua. Kibanio kilikuwa kimemponyoka msichana, kiko sakafuni kwenye nywele.

"Una nini wewe? Leo vibanio vinakuponyoka."

"Sina kitu, mama."

Alikuwa nacho. Saini iliyokuwa kwenye barua yake, yenye mkia mrefu kama wa panya, aliichora mwenyewe, akiiga ile ya mama iliyokuwa kwenye daftari la wateja. Siku aliyoileta barua, alimkuta muuza vitambaa saluni akisema somo lile ni uchafu, na mama akijibu, "Uchafu mtupu, dada yangu." Barua ikarudi mfukoni. Lakini dada wa rafiki yake, aliyeacha shule akiwa mjamzito, aliwahi kuwaambia wakichota maji bombani, "Mimi sikujua. Hakuna aliyeniambia." Maneno hayo yalimganda Kibanio. Aliogopa kutokujua zaidi ya alivyoogopa kalamu.

Sasa aliogopa kila kitu. Akilini alimwona mama akisimama mbele ya umati, akiulizwa juu ya saini asiyoijua.

Jumamosi asubuhi, mama akifagia saluni, Kibanio alisimama mlangoni.

"Mama, leo jina lako litasomwa. Saini niliiweka mimi."

Ufagio ukasimama. Kibanio alifumba macho, akingojea kofi. Halikuja.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulisema ni uchafu."

"Aliyesema ni muuza vitambaa. Mimi niliitikia tu."

"Mimi nitajuaje, mama?"

Mama akaketi kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hakuwahi kukikalia.

"Nilikuzaa nina miaka kumi na sita," alisema. "Nililia nikidhani nakufa, kwa sababu sikujua kinachonitokea. Ungeniuliza, ningetia saini kwa mikono miwili. Sasa vaa viatu."

Walienda kwanza kwa mwalimu mkuu. Kibanio alikiri, barua ikachanwa, mama akatia saini nyingine. Adhabu ilikuwa kusafisha darasa kwa wiki mbili.

Uwanjani, jina liliposomwa, mama alisimama. Wateja wake walikuwa safu ya mbele.

"Nimezoea kuitikia kila kichwa ninachokishika," alisema. "Leo sijashika kichwa cha mtu. Nataka somo libaki. Na wewe, mheshimiwa, unasemaje?"

Mgombea alizipangapanga barua, akanong'ona kitu pembeni ya kipaza sauti.

"Sema tusikie," alipaza sauti muuza vitambaa. "Hata sisi tusiolitaka tujue."

Mgombea alikohoa. "Litabaki."

Wengine walipiga makofi, wengine waliondoka. "Kura yangu haipati," alisema muuza vitambaa, "lakini angalau najua."

Njiani mama alimshika Kibanio mkono. "Uliogopa jibu langu, ukaghushi. Mimi niliogopa wateja, nikalificha. Wote tumekosa, mwanangu. Jambo likikutisha, njoo uniulize, hata saluni ikiwa imejaa. Nami nitakujibu ninachoamini."

Alasiri muuza vitambaa alirudi kumaliziwa kichwa. Wote benchini waligeuka kusikiliza.

"Mvua mwaka huu haitoshi," alianza.

Mama alinyoosha mkono nyuma, na kibanio kikatua kiganjani.

"Mimi naona imetosha, dada yangu," alisema, akaendelea kusuka.