Utomvu Mweupe

Sokoni Mbarara, katikati ya kelele za wauza ndizi, Apolline alisimama mbele ya meza ya Nasif kutazama vimea vyenye majani manene, vilivyopandwa kwenye makopo. Alivaa kitenge cha njano kilichopauka. Alikuwa ametoka Kivu, Kongo, peke yake, na kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale alikoishi hakuwa na ndugu. Nasif, kijana wa mjini mwenye maneno mengi, alimtania kwamba anavitazama vimea kama anachagua mchumba. Kisha akamwonyesha namna ya kuvitofautisha: mpangilio wa majani, miiba, rangi ya utomvu.

Wakawa wanavitafuta pamoja kwenye miamba ya Nakivale, na jioni wanacheka kwa simu. Siku moja Apolline akapata kimea ambacho hata Nasif hakukijua.

"Usiuzishe hii bado, chéri," alimwambia, akimwita mpenzi kwa Kifaransa. "Tungoje itoe maua, tujue ni ya aina gani."

Nasif alikubali. Lakini mteja aitwaye Goretti alipokuja kutafuta mshubiri wa kupaka usoni, na mishubiri imekwisha, Nasif alimwuzia kile kimea kana kwamba ni mshubiri. Utomvu wake mweupe ulimwunguza macho. Goretti alirudi na kaka zake, watu wakajaa mezani. Apolline alikuwa ndiyo kwanza anafika, akamsikia Nasif akijitetea:

"Ni yule mkimbizi aliniletea."

Apolline aligeuka, akarudi kambini, akazima simu. Mvua zilikuja. Alipalilia maharage peke yake, akapika chakula cha mtu mmoja, na kwenye miamba hakwenda tena.

Kiangazi Nasif alifika kambini kwa bodaboda, shati lake jeupe limejaa vumbi. Alieleza kwamba macho ya Goretti yalipona, na kwamba yeye amempigia simu Apolline mpaka amechoka. Apolline, ameketi mkekani, aliendelea kuchambua maharage kwenye ungo.

"Batu bote baniite mukimbizi, sawa," alisema. "Lakini weye?"

Nasif alitoa simu, akampigia Goretti, akaongea kwa sauti.

"Niko Nakivale, kwa Apolline. Yeye alinikataza kuuza ile kitu. Ni mimi nilikosa. Hata watu wa soko nitawaambia."

Nasif alikata simu. Apolline akavuta ungo upande wake, akasogea, akamwachia nafasi ya kukaa.