Mluzi wa Tabo

Majirani zangu, sogeeni karibu. Haya hayakutokea mbali, yalitokea nyumbani kwangu, na geti lenyewe mnalipita kila siku.

Mwanangu ni kinyozi. Jumapili alikuwa akifunga duka, anapangusa pikipiki yake kubwa ya safari, yenye masanduku ya mizigo pembeni na kiti cha nyuma kipana kama kochi. Anampakia mkewe, katikati mjukuu wangu Kapengo, wanaondoka polepole. Kapengo tulimwita hivyo kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa yamedondoka. Jioni walirudi na vumbi na vicheko.

Siku moja lori liliwapita mlimani. Vijana waliokaa juu ya mzigo wakamzomea: "Mzee, shuka uisukume!" Neno dogo hilo, lakini mwanangu alilala nalo, akaamka nalo.

Akaenda kwa fundi afungiwe tabo, kile kikonokono cha chuma kinachosukuma hewa kwenye injini ipate nguvu zaidi.

"Kaka," fundi alimwambia, "injini hii haikuzaliwa na kitu hiki. Nguvu yake haiji taratibu, inaamka ghafla. Usiongeze upepo zaidi ya hapa nilipoishia."

"Wewe funga. Kuendesha niachie mimi."

Mabomba yalitaka nafasi. Kiti cha nyuma kikang'olewa, kikawekwa sebuleni.

"Na sisi tukae wapi, baba Kapengo?" mkewe akauliza.

"Si hapo hapo," akacheka. "Kiti chenu kimewafuata nyumbani."

Tangu hapo tukaanza kuusikia mluzi. Tabo ikiamka hulia, sauti nyembamba, ndefu, kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima. Na kwa kuwa injini yenye tabo haizimwi ghafla kabla haijapoa, akifika alikaa uani injini ikinguruma, ameinamisha sikio. Chakula kinapoa. Mtoto kasimama pembeni, anaita "Baba! Baba!" Hageuki.

Kisha mluzi ukaanza kusikika pikipiki ikiwa imezimwa.

"Mama, umesikia?" mkwe wangu akaninong'oneza jikoni.

"Nimesikia."

Tukaufuata hadi sebuleni. Kapengo alikuwa amejikunja juu ya kile kiti, anapuliza kwenye pengo lake.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Namwita baba. Nikimwita kwa mdomo hageuki. Nikifanya hivi anageuka."

Tulicheka, jamani. Lakini kicheko hakikufika mbali.

Ikafika Jumapili nyingine. Mchana kweupe, mwanangu ameondoka peke yake na pikipiki, nasi tukiwa mezani, mluzi ukalia getini. Mkwe wangu akakimbia kufungua. Barabara tupu, hata vumbi halikutimka. Nikamtazama Kapengo. Mdomo wake umejaa chakula.

"Si mimi, Bibi."

Hajamaliza kumeza, simu ikaita. Mwanangu alikuwa ameanguka kwenye kona. Alikuwa ameongeza upepo mwenyewe, nguvu ikaamka katikati ya kona, gurudumu la nyuma likamkimbia.

Hospitalini alilala amefumba macho. Mkewe alimwita, kimya. Nikamwita kwa jina la utotoni, kimya. Kapengo akapanda kitandani, akapuliza.

Akafumbua macho! Tukakumbatiana, tukalia kwa furaha. Kisha tukaona mkono wake wa kulia. Ulikuwa unajizungusha juu ya shuka, polepole, kama anayevuta mafuta ya pikipiki. Na macho yake yalimruka mtoto, yakaenda mlangoni.

Sasa yuko nyumbani, kwenye kile kile kiti. Hasemi. Meno ya Kapengo yameota, mluzi hauwezi tena. Hata hivyo kuna jioni mwanangu hugeuza shingo ghafla kutazama geti. Nasi hatumuulizi anasikiliza nini, kwa maana tumeusikia pia.

FUNZO

Wazazi wenzangu, anayekuzomea njiani hatakuuguza. Usimng'oe wa kwako ili umpendeze mpita njia. Na mtoto anapokuita kwa sauti yake mwenyewe, geuka. Geuka angali anaita.