Kijani Chini ya Kucha

Kikulacho ki nguoni mwako. Rafiki yangu, fundi cherehani anayechora kwa rangi za mafuta akipata nafasi, alikwenda kwa dada yake kupaka vanishi picha iliyotundikwa ukutani, aliyoichora zamani: marehemu mama yao mbele ya shamba la familia.

“Shamba linaendeleaje?”

“Lipo, kaka. Nalitunza kama mboni ya jicho.”

Umeme ukakatika. Gizani wakasikia kitu kikikwangua ukutani, taratibu, kama kisu juu ya rangi iliyokauka.

Dada akaanza kulia. “Nimeliuza, kaka. Nisamehe.”

Taa zikawaka. Pichani, shamba lote lilikuwa limekwanguliwa, mama amebaki peke yake kwenye kitambaa kitupu. Kucha za mama zilikuwa na rangi ya kijani, mbichi, ikichuruzika.