Aliyesikia Mkoromo

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imejikunja hadi kwenye ngazi. Watoto walilia, wauguzi walipita mbio, na Fundi alikuwa amesimama pale saa nzima, karatasi ya dawa za presha za mama yake mkononi, bila hata kuhisi miguu. Ndivyo alivyokuwa tangu azikwe mdogo wake, miezi saba sasa. Alikula, alishona sare za shule, alijibu salamu. Moyo tu ndio ulioingia ganzi.

"Dada wa gauni la kijani!" Sauti ilitoka mlango wa pili. "Njoo ujifunze kuokoa mtu. Dakika ishirini tu, nafasi yako kwenye foleni nitakuombea."

Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, ila kola imekaa upande. Watu walimwita Taratibu, maana aliongea kama mtu anayevuka matope. Fundi akaingia, si kwa kupenda. Kukataa kungemchosha zaidi.

Ndani walikaa watu kumi, na sanamu ya mtu ililala juu ya mkeka.

"Mtu akizidiwa na unga wa kulevya," Taratibu alisema, "mwite, mtikise. Haamki? Tazama midomo na kucha kama zimebadilika rangi. Sikiliza pumzi. Na akikoroma mkoromo mzito, wa kukwamakwama, tafadhali msiseme kalala. Huyo anakufa. Ita gari la wagonjwa, mpulizie dawa hii puani, mpe pumzi, na usimwache peke yake."

"Na mtu akisikia huo mkoromo," Fundi aliuliza kwa sauti kavu, "akafunga mlango polepole ili asimwamshe?"

Taratibu akachuchumaa mbele yake.

"Mtu huyo aliwahi kufundishwa?"

"Hapana."

"Basi alifunga mlango kwa upendo."

Hakulia. Ila alipoondoka, mkobani mlikuwa na kipaketi cha ile dawa, na kwenye simu yake mlikuwa na namba mpya.

Taratibu alipiga kila siku saa saba mchana.

"Umekula, Fundi wangu?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Sikumbuki."

"Basi hicho hakihesabiki. Nenda kale tena."

"Na wewe hiyo kola yako nani kakushonea, adui yako?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Ndiyo maana nikasema adui yako."

Jumamosi Taratibu akalileta shati dukani kwa Fundi, akakaa na fulana katikati ya mafurushi ya sare za bluu huku Fundi akifumua uzi. Alipompima shingo, alisikia damu yake ikipiga chini ya vidole.

"Nakupenda," Taratibu alisema, bila hata kugeuza kichwa.

"Mimi sihisi kitu. Si wewe. Ni kila kitu."

"Nitakaa hapahapa mpaka uhisi."

"Na nisipohisi?"

"Nitakuwa nimekaa."

Fundi akacheka kidogo. Kicheko kilimshtua mwenyewe, kama kimetoka kwa mtu mwingine.

Wiki iliyofuata Fundi akapeleka shati kwenye kituo cha kusaidia watumiaji wa unga, alikofanya kazi Taratibu. Mpishi wa kituo, mama mnene mwenye khanga ya njano, alilipokea akalishika kwa fahari.

"Makubwa haya! Huyu miaka mitano iliyopita aliokotwa chooni stendi, unga umemlaza, midomo imeiva kama zambarau. Leo ana mtu wa kumshonea!"

Fundi alimkuta Taratibu akipanga viti.

"Nani alikusikia?" aliuliza. "Siku ile, chooni."

Taratibu akaweka kiti chini. "Mfagiaji. Simjui hata jina."

"Mfagiaji. Mtu baki!" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Taratibu. "Mdogo wangu alilala ukuta mmoja na mimi, dada yake wa tumbo moja. Na siku zote hizi unanisikiliza, unanyamaza."

"Niliogopa ungenitazama hivi unavyonitazama sasa."

"Sikutazami kwa lolote. Usinipigie tena."

Simu ikalia saa saba siku ya kwanza, ya pili, ya tisa. Hakupokea. Siku ya kumi haikulia, na akajikuta ameishika.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja alikuwa kwenye duka la vitambaa, wateja wanabanana, wenye duka wakipiga mikasi. Kijana mpagazi alikuwa ameegemea majora ya kitambaa, kidevu kifuani.

"Mwache, kachoka huyo," mteja mmoja alicheka. "Sikia anavyokoroma!"

Fundi alisikia. Majora yakamtoka mikononi.

"Kaka! Kaka!" Alimtikisa. Hakuamka. Kucha zilikuwa za kijivu. "Pigeni simu, gari la wagonjwa! Wewe wa shati jekundu, wewe, piga!"

Akamlaza chali, akatoa kile kipaketi mkobani, akampulizia dawa puani, akamziba pua, akampa pumzi. Akahesabu. Pumzi nyingine. Dakika mbili zilikuwa ndefu kuliko miezi yote tangu mazishi. Kisha kifua kikapanda chenyewe. Mpagazi akafumbua macho, akatapika, akamtukana.

Fundi akamgeuza ubavu, akamshika bega asije akaondoka, dawa ikaisha nguvu akazidiwa tena. Kwa mkono mwingine akapiga simu.

"Fundi?"

"Kuna mtu hapa alikuwa anakufa. Amerudi."

"Anapumua?"

"Ananitukana."

"Basi mzima huyo. Na wewe?"

"Mimi sijui. Njoo."

Alipofika, gari lilikuwa limeshamchukua mpagazi. Fundi alikuwa amekaa sakafuni kati ya majora, hijabu imelegea. Taratibu akakaa kando yake.

"Nilikukasirikia kwa kuwa hai," Fundi alisema.

"Najua. Hata mimi hujikasirikia."

"Usirudie kunificha kitu."

"Sirudii, mpenzi."

"Basi twende kwa mama. Umwambie mwenyewe, yote."

Mama yake aliwapokea sebuleni. Taratibu alimwamkia, akaitikiwa, kisha akaeleza: unga, stendi, mfagiaji, miaka mitano. Mwisho akasema amekuja pia kumwomba binti yake. Mama alisikiliza hadi mwisho, mikono imelala mapajani kama si yake.

"Mama yako yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai, mama. Mbali kidogo."

"Mpigie. Mwambie uko kwangu na unataka kula."

Taratibu akapiga. Kutoka kwenye simu ikasikika sauti ya mwanamke ikiita, "Mwanangu!" kwa furaha, kama kila simu ni muujiza. Moyo wa Fundi ukauma, maumivu makali na mageni, na akayaacha yaume.

Mama yake akanyoosha mkono.

"Hebu nipe," alisema, "niongee na mkwe mwenzangu."