Picha Tatu Zilizogoma Kutoka

Haya yalimpata rafiki yangu, mpiga picha za harusi. Alasiri moja, hoi kwa uchovu, mapazia kayafunga ili aone rangi vizuri, alikuwa akizitoa kwenye kompyuta picha alizokwisha kuzihariri, ampelekee bibi harusi. Zikatoka zote isipokuwa tatu. Kompyuta ikadai faili halisi za picha hizo hazionekani. Bibi harusi akapiga simu.

"Dada, bado tu?"

"Zimebaki tatu, mdogo wangu. Vuta subira."

Rafiki yangu akazikuta faili hizo kwenye diski ya akiba, akaziunganisha upya na picha zake. Diski ikakwaruza gizani, kisha kimya. Zikatoka.

Alipozihariri, watu wote pichani walikuwa wakiitazama kamera. Sasa, katika ya kwanza, ukoo mzima ulitazama mbali, nyuma ya pale aliposimama yeye akiwapiga picha. Katika ya pili, walitazama karibu naye zaidi. Katika ya tatu, wote walilikodolea macho bega lake la kushoto.