Kemikali Iliyong'aa Yenyewe

Nje ya kituo cha metro cha Ameerpet watu walisukumana, na chai ya Yadagiri ikamwagikia sari ya manjano ya Sravanthi. Akaomba radhi mpaka dada wa watu akachoka kukasirika. Kumbe walielekea geti moja, la maabara ya dawa. Sravanthi hupima kemikali, akitafuta itakayoamsha kipokezi cha seli kinachotuliza maumivu; kikiamka, seli hung'aa. Yadagiri ndiye anayezilea seli hizo, ghorofa ya chini.

Simu zikaanza: umekula, umefika, umeninunia. Kisha kemikali moja ikazing'arisha seli kama taa za harusi. Mkubwa wao, Dakta Raghunandan, akaahidi kwamba Jumatatu wateja wataonyeshwa ugunduzi huo, jina la Sravanthi likiwa juu.

Juu, kweli? Ahadi hiyo jengo lile linaijua. Padmavati, mwenzake wa maabara, aligundua kemikali yake, akakatiwa keki, kisha mbele ya wateja likasomwa jina la mpwa wa mkubwa. Sravanthi aliila keki ile. Basi mtunza stoo aliponong'ona kwamba Yadagiri kachukua tone la kemikali ileile kimyakimya, alizima simu. Nani kamtuma?

Ijumaa mchana alimfuata kwenye kabati la kulelea seli.

"Umempelekea nani?"

"Sijampelekea mtu. Nilizipa seli zisizo na kile kipokezi. Zikang'aa vilevile."

"Mwongo."

"Pima mwenyewe, dhahabu yangu."

"Usiniite dhahabu."

Hata seli zake hakuzitaka. Aliidondosha kemikali kwenye maji matupu, na maji yakang'aa. Haikuamsha chochote, mwanga ulikuwa wa kemikali yenyewe. Kipimo hicho cha kulinganishia alikiruka siku ya kwanza, kwa sababu mkubwa alisimama mgongoni akidai jibu.

Akapanda juu, akayafuta matokeo mbele ya Raghunandan. Jina lake likafutika nayo, na lawama zote akaachiwa yeye.

Yadagiri alikuwa akimngoja getini.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka sana wiki ile. Niliogopa."

"Habari mbaya niletee mimi kwanza, kabla stoo hawajaijua."

Yadagiri akatazama viatu vyake. "Basi ipo nyingine. Nimemwambia mama nataka kukuoa. Anasema kwa mila yetu watu wa tabaka lenu hawaingii jikoni kwake."

Sravanthi akaikaza ncha ya sari begani.

"Nipeleke Jumapili. Nitaingia mpaka jikoni."

"Na akikufukuza?"

"Hapo ndipo nitajua tunatoka wangapi, mmoja au wawili."