Sare ya Buluu Getini

Jioni ile nilishuka getini kufuata barua. Kazi ya kila siku, hakuna cha ajabu. Kambi yetu iko milimani, North Carolina, mbali na barabara ya lami, na mtu wa posta hataki kabisa kupandisha gari lake mpaka juu. Anatumbukiza barua kwenye sanduku la bati nje ya geti, anageuza, huyo anakwenda zake. Basi mimi Nadine Crutcher, mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye goti bovu, ndiye ninayeteremka na begi kila saa moja jioni, watoto wakiwa wanakula.

Barua hizo ndizo roho ya kambi. Kiangazi kile tulikuwa na watoto mia moja na kumi, wote wa wanajeshi, na zaidi ya nusu walikuwa na baba au mama vitani. Mtoto akikosa barua siku tatu mfululizo, chakula hakimpiti kooni. Ndiyo maana siku hiyo, pamoja na manyunyu yaliyokuwa yananyesha tangu Jumapili, sikungoja mvua ikatike.

Vyura walikuwa wanapiga kelele mtaroni, husikii hata viatu vyako mwenyewe. Nilifungua sanduku, nikaanza kutia barua kwenye begi.

Vyura wakanyamaza.

Wote. Kwa pamoja.

Halafu ikaja harufu. Si ya tope... ya vumbi. Vumbi kavu lililochomwa na jua, limechanganyika na dizeli. Siku ya tatu ya mvua, jamani, vumbi linatoka wapi?

Niliinua kichwa. Hatua tano kutoka nilipo alikuwa amesimama mwanajeshi. Koti la buluu, vifungo vya dhahabu, glavu nyeupe. Gari sikuliona, wala sikuwa nimelisikia.

Hapa lazima nikueleze kitu, la sivyo utaniona nina roho mbaya. Sheria za kambi ni nyingi, lakini ya kwanza, ile ambayo ningemfukuzia mtu kazi, ni hii: hakuna anayekanyaga kwetu na sare ile ya sherehe. Mwanajeshi akifa vitani, jeshi halipigi simu. Linatuma watu wawili wenye sare ya buluu, wanabisha hodi mlangoni. Watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma. Mwaka wetu wa pili, mjomba mmoja mpumbavu alitoka harusini akapitia kambini kumsalimia mpwa wake, amevaa vilevile. Watoto themanini waliangua kilio mara moja, kila mmoja akijua ni wa kwake. Kuna mmoja tulimkuta kajificha chini ya kitanda, kajikojolea. Niliapa halitarudiwa nikiwa hai.

Kwa hiyo nilirudi ndani ya geti, nikafunga mnyororo, ndipo nikamshukia.

"Wewe, simama hapohapo. Umepotea njia au umepotewa na akili?"

"Samahani, mama." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekaukwa koo. "Naomba kumwona Marlee Stroud. Dakika moja tu."

Marlee. Miaka minane, jino la mbele limeng'oka, anacheka kwa kufunika mdomo. Nilijua huyu ametumwa na jeshi, na nilijua ametumwa kwa jambo gani.

"Mwenzako yuko wapi? Nyie huja wawili."

"Wawili watakuja. Mimi nimetangulia."

"Mama yake ameshaambiwa?"

Akatikisa kichwa. "Bado."

Ndugu yangu, nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Mtoto aambiwe kabla ya mama yake? Getini? Na mtu mmoja aliyekuja peke yake?

"Toka hapa. Na ukitaka kurudi, vua kwanza hayo mavazi."

Akajitazama kifuani, kama ndiyo kwanza anayaona. "Sina nguo nyingine."

Neno hilo nililisikia, sikulitia akilini.

"Sitaingia," akasema. "Mwite yeye peke yake aje. Nitasimama nyuma ya mti, wengine hawataniona."

"Mtoto hatoki bila mama yake kujua. Tumemaliza."

"Basi mwambie..."

Niliinua mkono. "Usiniambie kitu. Mimi sipokei ujumbe. Ujumbe huo una wenyewe."

Mdomo wake ulibaki wazi. Akaufunga polepole. Nimewaona wanaume wengi wakilia katika kazi hii, lakini yule alitaka kulia na macho yakakataa. Yalikuwa makavu. Hata uso ulikuwa mkavu, na manyunyu yananimwagikia mimi mpaka shingoni.

"Ndiyo, mama," akanong'ona.

Laiti angebisha. Laiti angenitukana, akaruka ule mnyororo. Lakini alikuwa amefundishwa kutii, na mimi nina sauti ya kuamrisha, kila mtu ananiambia hivyo.

Akageuka.

Koti lilikuwa limepasuliwa mgongoni.

Kuanzia kola mpaka kiunoni, limeshikizwa kwa uzi mweupe hapa na pale. Shati nalo hivyohivyo. Na ndani ya ule mpasuko, pale ambapo ungetegemea kuona ngozi ya mtu... sikuona kitu. Nilijiambia ni giza. Akatembea kuelekea barabarani na kokoto hazikulia chini ya viatu vyake. Alipofika kwenye kona, vyura wakaanza upya.

Nilipanda ule mlima bila kukumbuka kama nina goti. Otis, mpishi wetu, alinikuta mlangoni mwa bwalo. "Bi Nadine, umekutana na shetani?"

"Nimemfukuza mjinga mmoja. Rudi jikoni."

Marlee hakuwa mezani. Alikuwa dirishani, paji la uso kwenye kioo, soseji zake zimepoa kwenye sahani.

"Nimesikia baba ananiita," aliniambia.

"Ni vyura, kipenzi. Njoo ule."

Nikamshika bega nikamrudisha kwenye kiti. Kwa mkono wangu huu.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, maofisa wawili walibisha mlangoni kwa Tess, mama yake Marlee, mjini huko, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka kwetu. Sajini Wade Stroud, baba yake Marlee, miaka ishirini na tisa. Gari la kikosi chake huko vitani lilikuwa limekanyaga bomu siku iliyotangulia. Nilipiga hesabu ya masaa ya kule na ya kwetu, nikairudia mara tatu. Mimi nilipokuwa getini nikimgombeza yule mtu, Wade alikuwa maiti tangu alfajiri.

Tess alifika alasiri na dada yake. Alipofungua pochi kutafuta kitambaa, picha ikaanguka. Niliiokota. Sikuhitaji kuiangalia mara mbili: ni yule wa getini. Nilikaa chini kwenye ngazi, pale pale, na Tess masikini akadhani namlilia yeye.

Tess alimwambia mtoto mwenyewe, chini ya msonobari, kama inavyotakiwa. Marlee hakupiga kelele. Baadaye, nilipokuwa nampakia begi garini, akanivuta mkono wa shati.

"Alikuja jana, sivyo?"

Ningeweza kukataa. "Alikuja."

"Alisema nini?"

"Alisema anakupenda sana, kipenzi. Sana."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniua mpaka leo.

"Baba hasemi hivyo. Tuna neno letu. Alisema neno letu?"

"Sikumwacha aseme, Marlee."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ilikuwa sheria. Miaka kumi na minne nimeitetea sheria ile mbele ya wakubwa na wadogo, na mbele ya mtoto wa miaka minane haikuwa na maana yoyote. Akafikiri kidogo, akapanda garini, akajifunga mkanda.

"Basi bado analo neno letu," akasema.

Nilikwenda mazikoni. Jeneza lilikuwa limefungwa. Nilimvizia mzee aliyeandaa maiti, nikamuuliza wanawavishaje. Alinieleza kwa upole: koti hupasuliwa mgongoni, maana aliyekufa hainui mikono. Sikumuuliza la pili. Jioni ile ya kambini mwili wa Wade ulikuwa bado ng'ambo, haujaoshwa. Nani alikuwa ameshamvisha, sijui, na sidhani kama nataka kujua.

Mwezi wa kumi simu yangu ililia, jua likizama. Alikuwa Tess. Alikuwa ananong'ona.

"Nadine, ulimwambia nini mwanangu? Kila jioni anatoa komeo mlangoni. Nafunga, anafungua. Na wiki hii... kuna mtu anabisha hodi."

"Nani?"

"Unajua ni nani. Kuna harufu ya vumbi mpaka jikoni."

Nikashika meza. "Tess, nisikilize. Ana neno moja tu la kumwambia mtoto. Mfungulie. Kosa nililolifanya mimi, wewe usilifanye."

"Mimi nimemzika, Nadine. Nimelala peke yangu siku tisini, ndiyo kwanza naanza kuzoea. Nikimfungulia akaingia, nitamtoaje tena?"

Kwa mbali, kupitia simu ile, nikasikia ubao wa mlango ukigongwa. Taratibu. Kwa adabu, kama mtu aliyefundishwa kusubiri.

"Mama," Marlee akauliza, "ni nani?"

"Hakuna mtu," Tess akasema. "Kula, mwanangu."